Kabla Hujanunua Kompyuta ya Shamba, Jua Kilichomo Ndani



Siku hizi mavuno yakishauzwa na hela ikashikika mkononi, swali ninaloulizwa sana si la mbolea wala dawa. Ni hili: "Bwana shamba, kuna laptopu ya mtumba nimeonyeshwa, ni i5, niichukue?" Na mimi huwa narudisha swali moja tu: ndani ina nini? Hapo kimya. Muuzaji kasema "i5 hii, haina shida," basi mnunuzi kalibeba neno hilo kama mtu aliyenunua mbegu kwa kutazama picha ya kwenye pakiti.

Kwa mkulima wa biashara kompyuta ni kifaa cha kazi, sawa na pampu. Humo ndimo inakaa hesabu yako: mbegu umenunua kiasi gani, vibarua umewalipa nini, matenga mangapi yametoka na yameuzwa bei gani. Afisa mikopo akikuuliza ulizalisha nini misimu mitatu iliyopita, anataka kuona maandishi, maneno hayamsaidii. Kuna kikundi kimoja cha kuku wa mayai ninachokifahamu kilipoteza kumbukumbu za zaidi ya mwaka mzima kwa sababu ya kifaa kimoja kidogo ndani ya mashine kilichokufa, na nakala haikuwepo popote. Mashine ilikaa kwa fundi siku mbili, ikarudi mezani inafanya kazi vizuri kabisa. Rekodi hazikurudi. Na mkopo wa kuongeza banda ukasubiri.

Mimi diploma yangu ni ya kilimo, si ya kompyuta. Kwa hiyo nitaeleza kama ninavyoeleza kwenye mafunzo ya kata, kwa nyanya.

Mchambuaji, meza na stoo

Fikiria kibanda cha kupangia nyanya madaraja. Nyuma kuna stoo, matenga yamejaa. Mbele kuna meza. Mezani amesimama mtu anachambua: kubwa huku, ndogo kule, mbovu pembeni. Nyanya hazichambuliwi zikiwa stoo, lazima ziletwe mezani kwanza. Kazi ikiisha, meza inafutwa, na kilichochambuliwa kinarudi stoo.

Kompyuta iko hivyo hivyo. Mchambuaji ni prosesa, vitabuni wanaiita kichakataji. Meza ni RAM. Stoo ni diski. Ukiwaelewa hawa watatu huwezi kuuziwa maneno matupu tena.

Tuanze na prosesa kwa kuwa ndiyo wauzaji wanayoipigia debe. Ni kipande kidogo cha silikoni ambacho kazi yake ni kufanya hesabu na kufuata maagizo ya programu, mabilioni ya mapigo kwa sekunde. Ukiona imeandikwa GHz 1.6, maana yake ni mapigo bilioni 1.6 kila sekunde. Ndani yake kuna viini kadhaa, yaani wachambuaji wawili, wanne au zaidi wamesimama meza moja.

Sasa neno "i5" peke yake halikwambii kitu. Intel wamekuwa wakitoa i5 kwa miaka mingi, na za zamani na za karibuni si ndugu wa rika moja. Tazama namba zinazofuata. i5-4300U ni ya kizazi cha 4, ina viini 2. i5-8250U ni ya kizazi cha 8, ina viini 4. Zote mbili ni "i5", zote mbili utazikuta kwenye meza moja ya mtumba. Kwenye zile mpya zaidi kizazi ni tarakimu mbili za mwanzo, kwa mfano i5-1135G7 ni ya 11.

Kwa nini nasisitiza kizazi? Microsoft walisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, ukiacha chache sana. Mashine ya kizazi cha 4 bado itafungua Excel na kuandika andiko la mradi, sikatai. Lakini bei yake iendane na umri wake. Usilipe bei ya ndama kwa ng'ombe aliyezeeka.

Kuangalia ni rahisi na hakuhitaji fundi. Mashine ikiwa imewaka, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager. Nenda sehemu ya Performance. Hapo utaona jina kamili la prosesa, ukubwa wa RAM, na kwa Windows za karibuni utaona pia kama diski ni SSD au HDD. Dakika moja tu. Muuzaji akikataa usibonyeze, umeshapata jibu lako.

RAM, ile meza, ndiyo inayofanya watu waseme "kompyuta yangu imekuwa mzito." Ukifungua Excel, kivinjari chenye kurasa kumi na WhatsApp ya kompyuta, vyote vimepangwa mezani. Meza ikijaa, kompyuta inaanza kuazima nafasi stoo: inapeleka tenga hili, inarudisha lile, mchambuaji anasubiri. Hapo ndo unaona kile kiduara kinazunguka tu. Kwa matumizi yetu GB 4 ni meza finyu, GB 8 inatosha vizuri. Zaidi ya hapo ni ya wanaohariri video.

Ila kitu kikubwa kuhusu RAM ni hiki: inashika kitu pale tu umeme unapokuwepo. Umeme ukikatika, meza inafutika palepale. Ndiyo maana kuna kuhifadhi kazi. Ukibonyeza Ctrl na S, unachukua kilichopo mezani unakipeleka stoo. Kijana anayejaza mauzo ya siku nzima ya soko bila kuhifadhi anafanya kazi juu ya meza iliyo njiani.

RAM inaweza kuongezwa kwenye mashine nyingi, lakini uliza mapema. Kuna laptopu nyembamba ambazo RAM imechomelewa moja kwa moja kwenye ubao, haitoki wala haiongezwi. Na aina haziingiliani: mashine ya DDR3 haipokei DDR4, hata pengo la kwenye kipande liko sehemu tofauti ili usilazimishe.

Stoo ndiyo shamba lenyewe

Hapa nataka tukae kidogo.

Diski za zamani, HDD, zina sahani ndani zinazozunguka. Kwenye laptopu nyingi ni mizunguko 5,400 kwa dakika. Juu ya sahani kuna kisomaji kinachoelea bila kugusa, kwa umbali mdogo kuliko unene wa chembe ya vumbi. Fikiria kitu cha namna hiyo, kinazunguka, halafu mtu anaiinua mashine ikiwa imewaka na kuitupa kwenye kiti cha gari akimbilie kupima mzigo. Kisomaji kikigusa sahani, kinakwangua. Pale kilipokwangua hakuna rekodi tena. Bodaboda na barabara zetu si rafiki wa HDD, na dalili mara nyingi ni mlio wa tak, tak, tak, au faili dogo kuchukua dakika nzima kufunguka. Ukisikia hivyo usizime ukasema utaangalia kesho. Nakili rekodi zako kwanza, muda huohuo.

SSD haina kinachozunguka. Inatunza taarifa kwenye chipu, haina kelele, inavumilia mtikisiko, na ni ya haraka mno ukilinganisha. Kijana mmoja wa vitunguu huku kwetu alikuwa ameshatafuta mteja wa kumuuzia laptopu yake kwa hasara, akisema imekufa nguvu, inachukua dakika sita kuwaka. Prosesa yake ilikuwa nzima tu, kizazi cha 8. Tatizo lilikuwa HDD. Fundi akamwekea SSD ya GB 240 na kuongeza RAM kutoka 4 hadi 8. Mashine ileile leo inawaka kabla hajakaa sawa kwenye kiti. Gharama ilikuwa sehemu ndogo tu ya bei ya kununua nyingine, na pesa iliyobaki ikaenda kwenye mbegu.

Kwa hiyo ukiwa na bajeti ndogo, mimi ningekushauri uchague mashine ya SSD ndogo kuliko ya HDD kubwa. Watu wanadanganyika na TB 1. Ya nini? Jedwali la Excel la msimu mzima kwa kawaida halifiki hata MB 1. Picha ya simu ni MB chache. GB 240 itabeba Windows, programu zako na rekodi za shamba za miaka mingi.

Lakini SSD nayo hufa, na tofauti na HDD inaweza kufa bila kukohoa. Asubuhi unawasha, hakuna kitu. Hivyo nakala haina mbadala. Weka rekodi sehemu tatu: kwenye mashine, kwenye diski ya nje inayokaa nyumba tofauti na mashine, na kwenye intaneti. Google Drive wanatoa GB 15 bure, kwa majedwali yetu haziishi leo wala kesho. Fanya kila Jumamosi jioni ukishalipa vibarua, iwe sehemu ya kufunga wiki.

Na flashi jamani. Zile zinazouzwa bei ya soda zimeandikwa TB 2 nyingi ni za kughushi. Ndani kuna chipu ndogo iliyopangwa iidanganye kompyuta kwamba ina nafasi kubwa. Unanakili, inakubali, majina ya faili unayaona, ukija kufungua baada ya miezi mitatu faili ni bovu. Kuna programu ya bure inaitwa H2testw inayojaza flashi yote kisha kuisoma upya ione kama kweli inashika. Ijaribu flashi ikiwa tupu, kabla hujaipa kazi.

Umeme na joto

Umeme wetu wa ukutani ni volti 230, lakini kompyuta ndani haili volti 230. Chaja ndiyo inayoshusha na kugeuza. Soma kibandiko chake: kwenye INPUT mara nyingi utakuta 100-240V, na OUTPUT kitu kama 19.5V 3.33A. Zidisha hizo mbili unapata kama wati 65. Ukinunua chaja nyingine, volti ziwe zilezile, ampea ziwe sawa au zaidi, na kichwa kiingie bila kulazimisha. Chaja ya ampea pungufu itachemka, na mashine itakuwa inasuasua au haijazi betri kabisa.

Kuna tabia nimeiona sana: betri imechoka, mtu anaitoa au anaiacha humo ikiwa imekufa, anatumia mashine kwa waya tu. Betri ya laptopu si ya safarini peke yake. Ndiyo inayoshikilia meza yako umeme ukicheza. Bila hiyo, umeme ukikatika nusu sekunde, RAM imefutika, na kama diski ilikuwa katikati ya kuandika faili, faili hilo linaweza kuharibika lote, hata yale uliyoyaandika mwezi uliopita.

Betri inapimika. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Itakwambia imeweka ripoti wapi. Ifungue utafute namba mbili: DESIGN CAPACITY, uwezo iliotoka nao kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, uwezo iliobaki nao leo. Mfano, kama ya kwanza ni mWh 48,000 na ya pili ni 19,200, betri imebaki asilimia 40. Hilo ni jambo la kujadiliana bei papo hapo.

Ukipenda kompyuta ya mezani kwa sababu spea zake ni rahisi na ofisi yako haihami, sawa, ila weka na gharama ya UPS kwenye hesabu. Mashine ya mezani haina betri ya kuendeshea kazi.

Wenzangu wa sola: usiogope ile wati 65 ya kwenye chaja. Hiyo ni kiwango cha juu. Kazi ya kawaida ya kuandika na majedwali laptopu nyingi hula kati ya wati 20 na 30. Ukifanya kazi saa 4 kwa wati 30, umetumia Wh 120. Betri ya volti 12 yenye Ah 100 ina kama Wh 1,200, na kwa zile za risasi na asidi ni vizuri usivuke nusu ili zidumu, yaani Wh 600. Inveta nayo inakula kidogo. Bado unatosha na taa zinabaki. Ukipata chaja ya gari inayochukua volti 12 moja kwa moja, unaokoa hata kile kinacholiwa na inveta.

Kisha joto. Prosesa ikifanya kazi inachemka, na joto lake hupitishwa na bomba dogo la shaba hadi kwenye mapezi ambapo feni inalipuliza nje. Vumbi likiziba mapezi, joto halitoki, na prosesa yenyewe inapunguza kasi ili isiungue. Mtu anasema mashine imezeeka, kumbe imezibwa pumzi. Pumba za mashine ya kusaga, vumbi la ghala la mahindi, maranda na manyoya ya kuku, vyote vinaingia kwa feni. Wafugaji wa kuku msifanye banda kuwa ofisi: ile amonia inayowasha macho inakula hata shaba. Andika kwenye daftari ukiwa bandani, uhamishie kwenye kompyuta ukiwa nyumbani. Usiitumie ikiwa juu ya godoro au gunia, kwa sababu matundu ya hewa mengi yako chini. Mara moja au mbili kwa mwaka mpelekee fundi aipulize.

Vilivyobaki

Vyote hivyo vimeshikwa na ubao mmoja mkubwa, ubao mama, mafundi wanauita mazabodi. Umeme na taarifa zote zinapita humo. Huu ukiungua, mara nyingi gharama yake inakaribia bei ya mashine ya mtumba, kwa hiyo mashine yenye historia ya kumwagikiwa chai au maji ikimbie hata kama leo inawaka. Kutu haina haraka. Juu ya ubao huo kuna kibetri kidogo cha duara, mara nyingi ni CR2032 ya volti 3, kinachoshika saa mashine ikiwa imezimwa. Kikiisha, tarehe inarudi miaka ya nyuma kila unapowasha, na tovuti nyingi, za benki zikiwemo, zinakataa kufunguka. Watu wameshaambiwa wabadilishe Windows kwa tatizo la kibetri cha bei ya chini kabisa.

Kioo, kibodi, kamera na matundu ya USB sina mengi ya kusema. Fungua ukurasa mweupe uone kama kioo kina madoa, bonyeza kila herufi, chomeka flashi kila tundu, unganisha na intaneti ya simu yako. Halafu chomoa chaja, iache iwake nusu saa huku ukiongea na muuzaji kuhusu risiti.

Na siku fundi akikwambia mashine imekufa, swali lako la kwanza liwe: diski nayo imekufa? Kwa sababu mazabodi ikiungua, diski mara nyingi iko salama, inatolewa kwa skrubu chache, inawekwa kwenye kasha la USB na kusomwa kwenye kompyuta nyingine. Isipokuwa kama Windows iliifunga kwa BitLocker. Hapo utatakiwa ule ufunguo wa tarakimu 48, ambao mara nyingi unapatikana kwenye akaunti yako ya Microsoft. Uutafute leo ukiwa na mashine nzima, uuandike kwenye daftari. Na hata ukiamua kumwachia fundi mashine kama spea, diski yako ondoka nayo.